Taa zenye mtoto wa jicho: gari moja, taa mbili, na kazi tuliyoirudia

Nimeamua kukiandika hiki kisa chote toka mwanzo sababu stori nyingi za kung'arisha taa za gari zinaishia pale taa inapong'aa, picha inapigwa, watu wanashangilia, basi. Kinachotokea miezi minne mbele hakuna anayekisema. Sisi tulikaa na hili gari karibu mwaka na nusu, kazi tukaifanya mara mbili, na ile mara ya pili kila taa tukaimalizia kivyake. Majina nimetoa, aina ya gari nimetoa. Mwenye gari ameridhia niandike, sharti lake lilikuwa nisimtaje kwamba ndo yeye aliyepaka dawa ya meno, sasa dawa ya meno nimeitaja ila yeye sijamtaja.

## Gari lenyewe na shida ilivyoanza

Ni gari dogo la kawaida, umri kama miaka 12, linalala nje. Mwenyewe ana mazoea ya kulipaki pale pale kila siku, kichwa kikiangalia upande ule ule, na jua la mchana linaipiga zaidi taa ya kulia. Hilo liweke akilini, litarudi huko mbele.

Alipokuja kwangu hakulalamikia taa hata kidogo. Alichosema ni "kaka, usiku sioni vizuri, naona uzee umenifikia." Na kweli alikuwa ameshaenda kupima macho, akaambiwa macho yako mazima. Kutoka hapo akaona basi balbu ndo zimechoka. Za kiwandani zilikuwa za wati 55, akatoa akaweka za wati 100. Kuona barabara hakuona vizuri zaidi, ila madereva wanaokuja mbele yake wakaanza kumpigia mafulu kila dakika wakati yeye katumia taa za chini, akawa anakasirika, anadhani watu wana wivu na taa zake.

Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Taa ikiwa na ukungu haipunguzi mwanga tu, inautawanya. Ule mwanga ambao rifulekta, ile bakuli inayong'aa nyuma ya balbu, imeupanga vizuri uende chini mbele ya gari unafika kwenye kioo chenye mikwaruzo na ukungu unasambaa kila upande, mwingine unapanda juu moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Kwa hiyo ukiongeza nguvu ya balbu unaongeza upofu wa mwenzako kuliko kuona kwako. Juu ya hilo joto linazidi. Tulipochomoa zile balbu, soketi moja plastiki yake ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia na ina harufu ya kuungua. Siku ile ile tukarudisha za wati 55, na huo ndo ulikuwa uamuzi wetu wa kwanza kwenye hii kazi nzima, na mpaka leo naona ndo uliokuwa wa maana kuliko yote.

## Kwa nini taa zinapata ukungu

Nieleze kidogo maana bila hiki huko mbele utatuona tulikuwa tunabahatisha. Zamani kioo cha taa kilikuwa kioo kweli. Marekani kwa mfano ni mwaka 1983 ndo sheria ilifunguliwa kuruhusu taa za kubadilishwa balbu peke yake, na hapo plastiki ikaingia kwa nguvu. Plastiki yenyewe ni polikaboneti. Ni nyepesi, inafinyangwa umbo lolote, jiwe likiipiga haipasuki hovyo. Ila ina udhaifu wa aina mbili, sura yake ni laini inakwaruzika kirahisi, na miale ya jua ile ya urujuanimno, wengi wanaiita UV, inaivunjavunja taratibu mpaka inageuka njano.

Kiwanda kinajua hilo, ndo maana juu ya plastiki kinapaka tabaka jembamba gumu la kinga. Wewe ukinunua gari unaona kioo safi, kumbe unachokiona kinalindwa na ngozi ambayo hata huijui kama ipo. Miaka ikienda, jua, mchanga wa barabarani na sabuni kali zinaila ile ngozi, inapata vijiufa, inabanduka vipande vipande, na chini yake plastiki uchi inaanza kuungua na jua. Kwa hiyo unapoangalia taa yenye "ukungu" mara nyingi unaangalia vitu viwili kwa pamoja, ngozi iliyokufa na plastiki iliyoumia. Mimi naiita mtoto wa jicho, na kama ilivyo mtoto wa jicho wa kweli, kupangusa juu juu hakumtoi.

## Alichojaribu mwenyewe kabla

Dawa ya meno kwanza. Siwezi kumcheka maana inafanya kazi, kwa siku chache. Ndani ya dawa ya meno kuna unga mkwaruzo laini, unasugua ukungu wa juu kabisa, taa inang'aa kidogo, unafurahi. Yeye ilikaa kama wiki tatu ikarudi.

Kisha mtu akamwambia apulizie dawa ya kufukuza mbu. Alijaribu kwenye pembe ya taa ya kulia, na kweli ikang'aa papo hapo mbele ya macho yake, ila akaacha sababu kitambaa kilianza kunata. Alifanya vizuri kuacha. Zile dawa zenye DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu, zinayeyusha sura ya plastiki, ndo maana inaonekana kung'aa, umeilainisha ikajilaza, na ukipangusa tone likidondokea kwenye rangi ya bampa unaongeza shida nyingine. Asetoni ndo balaa zaidi, polikaboneti ikiguswa na asetoni inapata nyufa na weupe ambao hautoki tena. Kuna na ule mtindo wa kufukiza taa kwa mvuke wa kemikali kwenye kikombe cha moto, kinachotumika mule mara nyingi ni klorofomu au ndugu yake dikloromethani. Kioo kinakuwa safi kama maji ndani ya sekunde, video zinapendeza, ila unavuta sumu na plastiki inabaki na msongo ndani yake. Huo tulikataa bila hata kujadili.

## Tulivyozikagua

Kabla ya kushika msasa tulifanya ukaguzi wa kama nusu saa na naushauri kwa kila mtu maana ndo unakwambia kama kazi ina maana au unapoteza muda.

Cha kwanza ni maji. Mwaga maji kwenye taa chafu uliyoiosha ukaangalie. Ikiwa safi ghafla wakati imelowa halafu ikarudi na ukungu ikikauka, ujue ugonjwa uko nje na unatibika. Sababu yake ni kwamba maji yanajaza ile mikwaruzo na vijishimo, na maji yanapindisha mwanga karibu zaidi na plastiki kuliko hewa inavyofanya, kwa hiyo mwanga unapita bila kutawanyika sana. Na kile unachokiona wakati imelowa ndo takriban utakachopata ukimaliza kazi vizuri. Taa ya kushoto ilipolowa ikawa safi kabisa. Ya kulia ikasafika ila ikabaki na unjano mwepesi, na chini ya maji tukaona nyuzi nyembamba nyembamba kama utando wa buibui.

Cha pili, tochi ya simu kwa ubavu. Ukimulika kutoka pembeni unaona kama zile nyufa ziko juu au zimezama. Zile za taa ya kulia zilikuwa zimezama ndani ya plastiki yenyewe. Msasa hauwezi kuzitoa bila kutoboa taa, tukakubaliana mapema kwamba zitabaki. Nafurahi tulilisema kabla maana tusingesema angenilaumu mimi baadae.

Cha tatu, ndani. Taa ya kulia ilikuwa na mvuke kwenye kona ya chini kwa ndani. Ukungu wa ndani hausuguliwi kwa nje hata ukisugua mpaka kesho. Tukachungulia vifuniko vya nyuma, kimoja mpira wake umekakamaa. Tukaweka alama, nitarudi hapo.

## Kubadilisha au kusugua

Tulijadili kununua taa mpya na nitasema ukweli kwa ile ya kulia mimi nilielekea huko. Taa mpya inakupa kila kitu, kioo, rifulekta, mpira. Ila mwenyewe akasema tujaribu kwanza, kama haifai tutakuwa tumepoteza Jumamosi moja tu, hoja ambayo ilikuwa nzuri kwa siku ile. Kumbe zilikuwa Jumamosi tatu.

Kingine tulichoamua ni kuzifanyia kazi zikiwa kwenye gari, tusizitoe. Kuzitoa kungetulazimu kufungua bampa, na ukizirudisha lazima upange upya uelekeo wa mwanga. Hapo hatukukosea, ila gharama yake tuliiona baadae kwenye fenda.

## Kazi ya kwanza

Tuliosha, tukakausha, tukabandika tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi kuzunguka taa yote, mstari mmoja tu. Hapo weka alama ya kwanza ya kosa.

Msasa wa maji tukaanza na namba 1000 kwa taa ya kushoto kwa kuogopa kuumiza (namba ikiwa kubwa msasa unakuwa laini zaidi). Dakika ishirini tumesugua, kitu kimebaki na mabaka mabaka, sehemu ile ngozi ya kiwandani imeng'ang'ania sehemu imetoka. Ukiona hivyo msasa wako ni mpole mno. Tukashuka hadi 600 na ndani ya dakika tano hadithi ikabadilika, maji yakawa yanatoka yenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na njano. Hiyo njano ndo ngozi iliyokufa. Unaendelea mpaka yale maji yanakuwa meupe tu na taa nzima ina ukungu wa aina moja bila mabaka. Hapo mtu asiyejua anapata presha maana taa inaonekana mbaya kuliko ulivyoanza, mwenye gari alikaa kimya kabisa akawa anazungukazunguka gari.

Baada ya 600 tukaenda 1000, 1500, 2000, tukamalizia 3000, muda wote maji yanamwagika. Kitu kimoja kilitusaidia sana ni kubadili uelekeo, namba moja unasugua kulala, inayofuata unasugua kusimama. Kwa hiyo ukiona bado kuna mistari ya kulala wakati uko kwenye namba ya kusimama unajua hujamaliza. Bila hivyo unadhani umefika 3000 kumbe mikwaruzo ya 600 iko chini inakusubiri, na polishi haiitoi, inaing'arisha tu ionekane vizuri zaidi.

Kisha rabingi, ile polishi yenye mkwaruzo laini, kwa pedi ya sponji kwenye drili. Taa ya kushoto ikatoka kama mpya, sitanii. Ya kulia nikashika mimi, nikawa na haraka maana jua linazama, drili iko spidi kubwa nimeikandamiza sehemu moja. Plastiki ikapata joto ikavutika, ikabaki alama ya duara yenye ukungu ambayo haitoki kwa rabingi. Ilibidi nirudi msasa 1000 pale na kuanza ngazi upya. Na wakati nahangaika na hiyo kona, pedi ikapanda juu ya ule mstari mmoja wa tepu ikala rangi ya ukingo wa fenda, sehemu kama ukucha wa kidole gumba. Tepu ingekuwa mistari mitatu isingefika pale.

Mwisho tukapaka waksi ya gari. Waksi ya mwili wa gari, ile ya kawaida. Tulijua kuna dawa maalum za kukinga UV, tukasema tutapaka wiki ijayo. Si unajua wiki ijayo ilivyo.

Usiku tukawasha, jamaa akaendesha, akanipigia simu akicheka peke yake, anaona mpaka alama za pembeni ya barabara alizokuwa amezisahau. Na hakuna aliyempigia mafulu.

## Miezi minne baadae

Mwezi wa pili nilipopita karibu na gari niliona kama weupe mwepesi, nikajiambia ni vumbi. Mwezi wa nne haikuwa vumbi. Taa ya kulia ilikuwa njano tena, ya kushoto ina ukungu sawasawa kote. Na kilichotushtua ni kwamba miaka 12 ilichukua kufika pale mwanzo, sasa hivi imechukua miezi.

Maelezo yake yako pale juu. Msasa wetu haukutoa ukungu tu, ulitoa hata ile ngozi ya kiwandani iliyokuwa bado inashikilia sehemu sehemu. Tuliiacha plastiki uchi juani halafu tukaifunika na waksi ambayo mvua chache na kuosha mara mbili tatu inaisha, na hata ikiwepo si kinga ya maana dhidi ya UV. Kwa maneno mengine taa tuliyoing'arisha ilikuwa na hali mbaya kuliko taa tuliyoikuta, ila ilikuwa nzuri kuitazama. Jamaa hakukasirika, aliuliza tu "sasa itakuwa kila baada ya miezi minne?" Swali la haki kabisa, maana plastiki ina unene wake na kila ukisugua unaipunguza.

## Kazi ya pili, taa mbili njia mbili

Safari hii tulikaa chini kwanza. Kinga tulizokuwa nazo mezani ni mbili. Moja ni ile ya kupaka kwa kitambaa, kikopo kidogo, unapitisha, inakauka. Nyingine ni klia ya mafundi rangi, ile rangi angavu ya juu, ya kuchanganya na hadena inayoifanya iwe ngumu, ile yenye kinga ya UV, unapuliza kama unavyopuliza rangi ya gari. Badala ya kubishana ipi bora nikasema tujaribu zote, kushoto ya kitambaa, kulia ya klia. Ya kulia tuliipa klia kusudi sababu ndo inayopigwa jua zaidi na ndo yenye hali mbaya, kama kuna ya kupewa silaha nzito ni hiyo.

Kushoto ilikuwa rahisi. Hakukuwa na ngozi ya kutoa tena kwa hiyo tulianza 1000 kwa mkono mwepesi, tukapanda mpaka 3000, rabingi kwa mkono bila drili. Kisha tukaifuta kwa spiriti ya isopropili mara mbili kwa kitambaa kipya kila mara, na hii hatua usiiruke, rabingi inaacha mafuta na kinga haishiki juu ya mafuta. Tukapaka kwa mwelekeo mmoja bila kurudia rudia nyuma, gari likalala chini ya paa siku nzima bila kuguswa na maji.

Kulia ndo kulikuwa na somo. Fundi rangi mmoja ninayemfahamu alituambia, ukitaka kupuliza klia usiing'arishe taa. Ishia 1000. Klia inahitaji mikwaruzo ya kushikilia, na yenyewe itajaza hiyo mikwaruzo ikikauka, ukipanda mpaka 3000 na rabingi umeifanya iwe teleze na itakuja kubanduka kama plasta. Kwa hiyo tuliiacha taa ikiwa nyeupe haioni ndani, jamaa akasema mbona imekuwa kama dirisha la bafuni. Tukamwaga maji, ikasafika, akatulia. Ule mtihani wa maji umetuokoa mara nyingi kweli kweli.

Kabla sijaendelea na hii sehemu, klia yenye hadena ina kemikali inaitwa isosayaneti ndani yake, na ukiivuta inaweza kukuharibu mapafu, kuna watu wanapata pumu kwa hiyo kitu na haiondoki. Kibarakoa cha kitambaa au cha vumbi hakisaidii chochote. Yule fundi alituazima barakoa yake yenye vichujio vya kemikali, nikavaa na glavu na miwani, tukafanya nje palipo wazi, watu wengine wote wakakaa mbali. Mtu asiye na hiyo barakoa atumie tu ile ya kitambaa, taa haifai kuuza mapafu.

Tukafunika safari hii mbele yote ya gari, boneti, bampa, fenda, kwa karatasi na tepu mistari mitatu. Pita ya kwanza nyembamba sana, kama ukungu wa asubuhi, sababu vimiminika vilivyomo kwenye klia vyenyewe vinaweza kuishambulia polikaboneti, na yetu tayari ilikuwa na nyufa, ukimwaga nzito mwanzoni unazichochea. Dakika kumi, pita ya pili imelowa vizuri, dakika kumi, ya tatu. Kwenye ya tatu niliichelewesha mkono kona ya chini ikachuruzika tone, na mdudu mdogo akaja kutua katikati kabisa kana kwamba alikuwa na miadi. Sikumgusa. Ukimgusa unaharibu zaidi, alikauka humo, na baada ya siku kadhaa tukamsugua kwa 2000 pamoja na lile tone, tukapiga rabingi kwa mkono, ikaisha.

Kile kifuniko cha nyuma chenye mpira uliokakamaa tukakibadilisha mpira siku hiyo hiyo.

## Matokeo mpaka leo

Ni miezi 14 toka kazi ya pili. Taa ya kulia, ile mgonjwa, ile inayopigwa jua, iko safi. Nyufa za ndani zinaonekana mchana jua likiipiga kwa pembe, usiku kwenye ukuta huzioni. Taa ya kushoto ilikaa vizuri mpaka mwezi wa kumi hivi, ukingo wa juu ukaanza kupata unjano mwepesi, sasa hivi umeshuka kama upana wa vidole viwili. Bado inaangaza vizuri, ila inarudi.

Mvuke wa ndani kwenye taa ya kulia umepungua ila haujaisha, gari likioshwa kwa maji mengi unaona jasho kwenye kona, linakauka baada ya kuendesha.

Mwanga tulipima kwa njia ya kienyeji, gari linasimama umbali ule ule kutoka ukutani, simu kwenye stendi, mwangaza wa kamera umefungwa usijirekebishe wenyewe. Kati ya kabla na baada ya kazi ya pili tofauti ni ya wazi, ile alama ya mkato wa mwanga upande wa juu, yaani pale mwanga wa taa za chini unapokomea ukutani, kabla ilikuwa imemong'onyoka, baada imekuwa mstari unaouona. Kulingana na vipimo vilivyotolewa mwaka 2018 na AAA, kile chama cha wenye magari cha Marekani, taa zilizochakaa zilikuwa zinatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya, na zikisafishwa, iwe na fundi au nyumbani, zilirudi karibu asilimia 70. Nilichokiona ukutani kinaendana na picha hiyo, imerudi sana na haijawa mpya.

## Kilichofanya kazi na kilichotuangusha

Kosa kubwa si joto la drili wala rangi ya fenda, hayo yanauma ila yanaonekana siku ile ile. Kosa kubwa ni kwamba tulihesabu kazi imeisha pale taa ilipong'aa. Kung'aa ndo sehemu rahisi, yeyote mwenye msasa na subira anafika. Kazi ya kweli ni kurudisha ngozi uliyoitoa, na kama huna cha kuirudishia siku hiyo hiyo ni bora msasa ubaki kwenye pakiti na uendelee na ukungu wako wa zamani mpaka uwe nacho, maana ile ngozi nusu-mfu bado inafanya kazi nusu. Hili nilikuwa nalijua kichwani kabla ya kazi ya kwanza, sikulifanya.

Kuhusu kitambaa dhidi ya klia, nisiseme zaidi ya ninachokijua. Ni gari moja. Taa zenyewe hazikuwa sawa tangu mwanzo, na mikono iliyozifanyia kazi ni ya watu wasio mafundi. Ila tofauti zote za mazingira zilikuwa zinaibana ile ya klia, jua zaidi, nyufa, unjano mwingi, na bado ndo iliyodumu. Kama ingekuwa klia imewekwa upande wa kivulini ningekuwa na mashaka zaidi. Kwa upande mwingine ile ya kitambaa mtu anairudia peke yake kwa saa moja bila barakoa, na kwa wengi hiyo ni sababu tosha, mradi akubali moyoni kwamba atairudia kabla njano haijashuka, asisubiri mpaka iharibike yote.

Kuanza na msasa 1000 kwa woga kulitupotezea muda, ila silihesabu kama kosa sana. Ukianza juu ukashindwa unashuka, ukianza 400 ukakuta ilihitaji 1000 umejitengenezea mikwaruzo mirefu ya kuitoa bure. Jaribu sehemu ndogo pembeni dakika tatu nne ndo uchague.

Ushahidi nao tuliuchezea. Kazi ya kwanza hatukupiga picha ya ukutani kabla, tuna picha za mchana tu za taa zikiwa zimezimwa, zinapendeza ila hazisemi chochote kuhusu kuona usiku. Kwa hiyo ninaposema kazi ya kwanza ilisaidia ninategemea kicheko cha jamaa kwenye simu.

Na balbu. Kama angeacha zile za wati 100 juu ya taa zilizosafishwa, soketi ingeungua kabisa muda si mrefu, na watu barabarani wangeendelea kupofuka. Mpaka leo nikikutana na mtu anasema taa zangu hafifu nataka balbu kali, namuuliza kwanza kioo chake kikilowa maji kinakuwaje.

Kwa sasa mpango ni kuitoa kinga iliyobaki kwenye taa ya kushoto, kuishia 1000 na kuipulizia klia kama mwenzake. Tunasubiri siku isiyo na upepo, na yule fundi arudishiwe barakoa yake na mtu mwingine aliyeiazima baada yetu. Fenda bado ina alama, jamaa anasema aiache hivyo hivyo anikumbuke nayo.